Binti Kupewa Jina la Kiume: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Huku Kusini

Mimi ni mwanamke na ninaitwa Majaliwa. Tangu Novemba 2015, mbunge wa Ruangwa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu, sikumbuki safari ya basi kati ya Lindi na Masasi niliyoimaliza bila kuulizwa kama ni ndugu yangu. Si ndugu yangu. Kwake jina hilo linasimama mwisho, kwangu linasimama mbele, na tofauti hiyo ndogo ndiyo imenifanya niandike ukurasa huu.

Nimestaafu unesi. Miaka mingi ya kazi yangu ilipita kliniki ya mama na mtoto, kwanza upande wa Lindi, baadaye Mtwara, nikiandika majina ya watoto kwenye kadi. Kila baada ya muda alikuja mama, akakaa kwenye benchi, akasema: "Nesi, andika Rajabu." Namfunua mtoto nimpime uzito, naona ni msichana. Wengine walikuwa na sababu nzito, wengine walikuwa wameona jina kwenye simu. Maswali yao hayabadiliki, na hata sasa majirani wananifuata nyumbani nayo. Nimeyakusanya hapa.

Kuna sheria inayomkataza mzazi kumpa binti jina la kiume?

Hakuna. Vizazi vinasajiliwa kwa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na sheria hiyo haina orodha ya majina ya wanaume huku na ya wanawake kule. Fomu inauliza jina mahali pake na jinsi mahali pake. Ukiandika Hamisi, kisha ukaweka KE, hujavunja kitu.

Utakachokutana nacho ni karani mwenye huruma, atakayetaka kukusaidia "kurekebisha kosa" bila hata kukuuliza. Huyo ni wa kumwogopa kuliko sheria.

Basi nifanyeje ili mwanangu asije akaandikwa ME?

Soma karatasi kabla hujatoka dirishani. Ninajua foleni ni ndefu na mtoto analia, lakini soma.

Ukijifungulia kituoni unapewa tangazo la kizazi. Hilo ndilo la kwanza kukagua: jina la mtoto, jinsi, majina ya wazazi. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara imo kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ambao cheti hutolewa bila malipo kwenye vituo vya afya vyenye huduma ya mama na mtoto na kwenye ofisi za watendaji wa kata. Ni jambo la heri, lakini anayeandika ana watoto wengi wa kuandika asubuhi hiyo, na akiona "Shabani" mkono wake unakwenda wenyewe kwenye ME. Mwambie kabla hajashika kalamu: "Ni binti, jina ni hilo hilo." Sema kwa sauti, hata kama watu wa foleni watageuka.

Kosa la jinsi kwenye cheti cha kuzaliwa halibaki kwenye cheti. Linamfuata hadi shule, hadi kitambulisho cha NIDA, hadi pasi ya kusafiria, na kila ofisi inamrudisha kwenye ile ya kwanza.

Majina gani ya Kiswahili hayana jinsia?

Mengi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu lugha yenyewe haijali. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu. Anakuja, anaondoka, amelala: huwezi kujua ni mume au mke. Lugha zetu za huku, Kimakonde, Kimwera, Kiyao, nazo ziko hivyo. Tunalotofautisha ni mazoea.

Kuna yale ambayo nimeyaandika kwa watoto wa jinsi zote bila mtu kushtuka: Bahati, Imani, Tumaini, Furaha, Riziki, Nuru, Faraja, Zawadi, Majaliwa. Yapo majina ya kupewa kwa hali ya nyumba wakati mtoto anazaliwa, kama Tabu na Shida, hayo hayachagui. Pili naye yupo kotekote. Pacha wanaitwa Kulwa na Doto hata huku kwetu, ingawa majina yametoka kwa Wasukuma, na humo kinachotazamwa ni nani katangulia kutoka, basi.

Mengine yameegemea upande. Amani na Baraka ukiyasikia Mtwara utamtazamia mvulana. Neema, Rehema, Subira na Upendo utatazamia msichana. Hili la Baraka huwa linanichekesha, maana mama aliyemlea Mtume Muhammad tangu utotoni, Ummu Ayman, jina lake hasa lilikuwa Baraka. Kwa hiyo mwanamke anayetaka kumwita bintiye Baraka, akaambiwa na wifi zake kwamba hilo la kiume, ana jibu la zamani sana mkononi.

Na wale wanaosema jina likiishia na "a" ni la kike, wamwite Hamza, Musa, Issa, Juma, Mustafa na Zakaria wakawaambie hivyo. Halafu wawaite Zainabu, Mariamu na Kulthumu.

Baba mkwe amefariki na mume wangu anataka jina lake lirudi, lakini nimezaa msichana. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote.

Huku kwetu mtoto hapewi jina tu, anapewa somo, yaani mwenzake wa jina. Mwenye jina akiwa hai, yeye na mtoto wanaitana somo hadi kufa, atakuja siku ya arobaini na doti ya khanga, atauliza somo wake amekula nini, na mtoto akikosea atasema "huyo somo wangu mwacheni." Jina Somoe, ambalo limejaa pwani hii kuanzia Kilwa, limezaliwa humo humo. Mwenye jina akiwa amekufa, mtoto ndiye anayemrudisha. Baba wa mtoto anamwita "baba", mama anamwita "babu" au "mzee", na kuna sababu ya adabu: mke wa watu hatamki ovyo jina la baba mkwe wake. Nimewahi kumpima uzito msichana wa miezi saba ambaye mama yake alikuwa akimbembeleza, "Nyamaza mzee wangu, nyamaza babu." Benchi zima halikucheka. Wote walielewa.

Sasa, kwa wanaofikiri jina la babu lazima lisubiri mvulana, niwakumbushe jambo la huku kusini. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili tunafuata ukoo wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, na watoto hao ndio wa ukoo wake. Mtoto wake mwenyewe wa kumzaa ni wa ukoo wa mkewe. Dini na karatasi za serikali zimetuletea majina ya baba, nasi tumeyapokea, lakini ukikaa na wazee Newala au Nachingwea hesabu ya zamani bado wanaijua. Kwa hesabu hiyo, jina la mjomba likikaa kwa binti wa dada yake limekaa pazuri: huyo binti ndiye atakayezaa watu wa ukoo ule. Likienda kwa mvulana, watoto wake wanaondoka nalo kwenda ukoo wa mkewe.

Mimi nilipewa jina na mjomba. Mama alikuwa amepoteza mimba mbili, wa tatu nikakaa. Mjomba akasema ameitwa Majaliwa, kwa kuwa tumejaliwa, na hakutaka kusikia habari ya kike wala kiume.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama mwenye swali: kama familia imekubaliana, mpe. Jina la kiume lenye mtu nyuma yake binti hulibeba, kwa sababu kila akiulizwa ana la kusimulia. Kama wewe mwenyewe linakutia wasiwasi, soma jibu linalofuata.

Kuna njia ya kumpa jina la babu bila kumfanya aonekane mwanamume?

Ipo, na wahenga wa pwani waliitengeneza zamani: weka Mwana mbele.

Babu ni Juma, mjukuu ni Mwanajuma, wengi husema Mwajuma. Babu ni Hamisi, mjukuu ni Mwanahamisi. Kombo na Mwanakombo. Idi na Mwanaidi. "Mwana" hapa si mtoto mdogo. Kwenye Kiswahili cha zamani Mwana ni bibi mwenye heshima yake, kama Mwana Mkisi anayetajwa kwenye simulizi za Mombasa kuwa ndiye aliyeutawala mji mwanzoni. Unapomwita mjukuu Mwanahamisi umemhifadhi Hamisi mzima ndani, herufi kwa herufi, na juu yake umeweka taji.

Vijana wa leo wanayakimbia majina haya, wanasema ni ya kibibi. Nasikitika. Binti anayeitwa Mwanahamisi amebeba jina la mtu na la siku, na hakuna karani atakayemkosea.

Na kwa majina ya Kiarabu?

Kiarabu chenyewe kinatofautisha jinsi, kwa hiyo mara nyingi jina la pili lipo tayari: Salimu na Salima, Rashidi na Rashida, Hamidi na Hamida, Azizi na Aziza, Jamili na Jamila, Latifu na Latifa, Saidi na Saida, Faridi na Farida, Habibu na Habiba.

Yanayogoma ni yale ya miezi. Rajabu, Shabani na Ramadhani hayana mwenzake wa kike aliyezoeleka, ndiyo maana mengi ya yale "andika Rajabu" yalitoka kwa akina mama waliojifungua mwezi huo. Aliyezaliwa ndani ya mfungo anaweza kuitwa Saumu, jina la kike la pwani, zuri, na fupi la kuandika.

Moja nakukataza waziwazi: Abdallah, Abdulrahmani na ndugu zake wote. "Abdu" ni mja mwanamume, neno lenyewe limesema. Ukitaka maana hiyo kwa binti, lipo Amatullah.

Sheikh atakubali? Padri je?

Kwa Waislamu, jina jema ni haki ya mtoto kwa mzazi wake, na mahali pa kuuliza ni kabla ya akika, ile ya kumchinjia mtoto mbuzi siku ya saba, si baada. Kinachotazamwa kwanza ni maana. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume alimbadilishia jina binti wa Omar aliyekuwa akiitwa Asiya, neno lenye maana ya muasi, akamwita Jamila. (Neno hilo si Asia, mke wa Firauni, kwa Kiarabu herufi ni tofauti.) Jina la maana njema linalotumika kwa wote, kama Nuru au Imani, sijawahi kuona sheikh akilirudisha. Jina linalojulikana kuwa la wanaume tu, baadhi ya masheikh watakuambia linaingia kwenye katazo la wanawake kujifananisha na wanaume, na watakushauri ubadili. Msikilize wa kwenu. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba jina la kiume halibadili hesabu ya mbuzi wa akika: wa binti ni mmoja.

Kwa Wakatoliki, Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 855, zinasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Halilazimiki kuwa la mtakatifu, wala kanuni haisemi la kike au la kiume. Na huku kwetu, kwa sababu ya wamonaki Wabenediktini wa Ndanda, tuna hazina ya majina yanayogeuka: Benedikto na Benedikta, Augustino na Augustina, Fransisko na Fransiska, Paulo na Paulina. Bibi mmoja wa huko Ndanda aliwahi kuniambia wana Benedikta wengi kuliko migomba.

Nimependa jina la kizungu la kiume, kama Ryan au James. Ni vibaya?

Si vibaya. Wazungu wenyewe wanafanya. Mwigizaji wa Marekani Blake Lively, bintiye aliyezaliwa mwishoni mwa 2014 anaitwa James. Na majina yao yamekuwa yakihama siku nyingi. Ashley na Beverley yalianza kwa wanaume. Andrea ukiwa Italia ni mwanamume, ukivuka kwenda Uingereza ni mwanamke. Jean ni hivyo hivyo kati ya Ufaransa na Uingereza.

Hata haya tuliyoyazoea. Masasi kumejaa akina mama na mabibi wanaoitwa Joyce, na Joyce katika Zama za Kati lilikuwa jina la wanaume, limetokana na mtakatifu mwanamume wa Kibretoni. Vivian unalijua kuwa la kike, lakini Vivian Fuchs alikuwa mwanamume, Mwingereza aliyekuja kuchunguza eneo la Ziwa Rukwa mwaka 1937 na 1938, na baadaye, 1958, akaongoza msafara wa kwanza kuvuka bara la Antaktika kwa nchi kavu.

Kinachonisumbua kwenye haya majina ni kwamba mara nyingi hayana mtu. Mama anakuja na "Ryan", namuuliza ni nani, ananionyesha simu. Binti atakapofika miaka kumi akaulizwa kwa nini anaitwa jina la mvulana, atajibu nini? Kama una jibu la kumwachia, endelea. Halafu kuna hili la kuandika: nililiona jina Ryan likiandikwa Rayani, Raiyani na Riani kwenye kadi ya mtoto mmoja, ndani ya mwaka mmoja. Chagua tahajia moja siku ya kwanza, iandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, na ukienda kokote kitangulize hicho.

Atachekwa shuleni?

Atachekwa kidogo, wiki mbili tatu za darasa la kwanza, kisha watapata mwingine wa kumcheka. Watoto wanacheka hata Chausiku.

Shida halisi iko kwenye orodha. Hapa ndipo nirudi kwenye ile tofauti ya mbele na mwisho. Mtanzania anaandikwa majina matatu: lake, la baba, la babu. Kila msichana nchini tayari amebeba majina mawili ya wanaume. Asha Selemani Bakari ni Asha mmoja na wanaume wawili, na ni lile la kwanza tu linalomwambia msomaji kwamba huyu ni mwanamke. Ukilijaza nalo jina la kiume, ukapata tuseme Rajabu Selemani Bakari, mstari mzima hauna mwanamke ndani yake. Jina lisilochagua, kama Bahati au langu, nalo halisaidii.

Nilipochaguliwa kidato cha kwanza nilifika shuleni na sanduku la bati na godoro, nikakuta jina langu limebandikwa kwenye mlango wa bweni la wavulana. Mwalimu wa zamu alinitazama, akatazama orodha, akaniuliza: "Kaka yako yuko wapi?" Nililala siku tatu kwenye chumba cha matroni, juu ya magunia ya maharage, wakati wanatafuta kitanda upande wa wasichana. Sasa nacheka. Wakati ule nililia, nikamwandikia mjomba barua ya lawama, ambayo alinisomea yote siku ya harusi yangu mbele za watu.

Kwa hiyo mzazi mwenye binti wa aina hii, usimpakie kwenye basi peke yake siku ya kuripoti. Piga simu shule wiki moja kabla. Nenda na nakala ya cheti.

Nasikia jina la kiume husaidia kupata kazi. Kweli?

Kwa kiasi, na ushahidi ninaoujua ni wa mbali. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapelekea wahadhiri 127 wa sayansi maombi ya kazi yaliyofanana neno kwa neno. Mengine yalikuwa na jina John, mengine Jennifer. John alionekana ana uwezo zaidi na alipangiwa mshahara mkubwa zaidi, na waliompendelea walikuwa wanaume na wanawake sawasawa.

Hapa kwetu sijui kama linafika mbali hivyo. Fomu nyingi zinauliza jinsi, zinaomba picha, na mwisho kuna usaili ambapo mtu anaingia mwenyewe na miguu yake. Nilichokiona mimi ni vioja vidogo zaidi. Msimu wa korosho, kwenye chama cha msingi, karani anasoma majina ya wakulima wa kulipwa, anaita "Shabani!", wanaume watatu wanageuka, na mwanamke mwenye kitambulisho chake anapita katikati yao akiwa na daftari kwapani. Akifika mbele anaulizwa kama amekuja kumchukulia mumewe. Anatoa kitambulisho, kinatazamwa upande huu, kinageuzwa, kinatazamwa tena. Analipwa. Lakini ameshachelewa gari la Tandahimba.

Jina la kiume linafungua mlango mmoja na kuweka mwingine mbele yake. Usilichague kwa sababu ya kazi.

Mume wangu hataki kabisa.

Basi acha. Jina la ugomvi mtoto huitwa kwa hasira kutoka pande mbili. Tafuteni lisilochagua, kama Tumaini au Faraja, na lile ulilolitaka mwite nyumbani.

Majina ya kilugha je? Mbona hamyatumii tena?

Tunayatumia, hayaandikwi tu. Wazee wetu hawakuona jina la utotoni kuwa la maisha. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, mtoto akitoka jandoni au unyagoni alitoka na jina jipya, na lile la zamani kumwita nalo ilikuwa ni kumvunjia heshima. Bibi yangu alikuwa na la utotoni, la unyago, la msikitini, na la mama wa fulani baada ya kuzaa. Manne. La serikali lilikuwa la tano, nalo liliandikwa vibaya.

Kama unataka jina la kilugha kwa binti, nenda kwa bibi au babu wa upande wa mama, uliza majina ya ukoo na maana zake, na hasa uliza aliyekuwa nalo alikuwa mtu wa namna gani. Mengi utakuta yameshikwa na wanaume na wanawake wa ukoo huo huo kwa zamu. Lakini usichukue jina kwa kusikia linapendeza. Mengine yalitolewa kwa kejeli ya majirani au kwa msiba, na wazee watakaolisikia watajua.

Binti yangu ana miaka kumi na mbili na jina la babu yake halitaki tena. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, ila usikimbilie kubadili karatasi. Akishafanya mtihani wa darasa la saba kwa jina moja na wa kidato cha nne kwa jingine, utakuwa na kazi ya viapo na mawakili, na hati ya kubadili jina ni gharama juu ya usumbufu. Kama ni lazima, ifanyike mapema, kabla majina hayajapelekwa kwa ajili ya mtihani, na ianzie kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kwanza mweke chini umsimulie mwenye jina. Wazazi wengi wamempa mtoto jina la babu na hawajawahi kumwambia babu huyo alikuwa akiishi wapi, alilima nini, aliwahi kumfanyia nani wema gani. Mpeleke kaburini. Mtafutie picha, kama ipo. Kuna mmoja hapa Mikindani alipelekwa kwa rafiki wa zamani wa marehemu, mvuvi, na mzee yule alipomwona tu mlangoni alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, kaka." Binti alirudi nyumbani akiwa kimya, na siku ya pili aliandika jina lote, kwa wino, kwenye madaftari yake yote.

Akishindikana baada ya hapo, ongeza Mwana mbele, mwite hivyo nyumbani na mtaani, na vyeti viacheni vilivyo.

Nikikukuta kliniki naweza kukuuliza zaidi?

Kliniki hunikuti, nimestaafu. Asubuhi nipo barazani kwangu nachambua mboga, nawe ukipita sema hodi. Usimuulize kijana wa dukani "mzee Majaliwa anakaa wapi," atakuelekeza kwa mwingine.